Unapenda dansi? Kwanza jiulize: utalala wapi?

Hebu fikiria. Ni saa nne na nusu usiku. Binti wa miaka 19 amesimama Feri, upande wa mjini, anasubiri pantoni ya kwenda Kigamboni. Mkononi ana kimkoba chenye viatu vya kuchezea. Miguu inawaka moto. Ametoka mazoezini Kinondoni na tumboni hana kitu tangu chai ya saa kumi. Kesho saa moja asubuhi anatakiwa awe amefungua duka la shangazi yake kule Kibada.

Anapiga mahesabu. Akifika nyumbani saa tano na nusu, ale, aoge, atalala saa sita na nusu. Saa kumi na moja na nusu aamke. Mara simu inalia. Ni bwana mmoja anayejiita promota.

"We mtoto, hiyo pantoni kila siku ya kazi gani? Kuna chumba huku Mwananyamala kimekaa bure. Njoo ukae, dansi lako litanyooka."

Umeshapata picha? Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kijana mwenzangu, swali hili si dogo. Mtu akipenda mpira, uwanja upo mtaani kwake. Akipenda dansi la mashindano, lile la kucheza wawili wawili, mara nyingi anajikuta anakaa upande huu wa maji na dansi liko upande wa pili. Ndiyo hapo mtu anaanza kuwaza kuhama. Wengine wanahama vizuri, wanafika mbali. Wengine wanahama vibaya, wanapoteza dansi na afya pamoja.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: usichague pa kukaa kwa kuangalia ukumbi ulipo tu. Angalia mambo mawili kwanza. La kwanza, utapata usingizi wa saa ngapi? La pili, ufunguo wa chumba uko mkononi mwa nani? Sasa tuelezane vizuri.

DANSI LENYEWE NI LIPI?

Dansi la mashindano tunalozungumzia hapa ni lile linalochezwa na jozi, mwenza na mwenzake, mbele ya waamuzi. Lina makundi mawili. Kundi la kwanza lina walsi, tango, walsi ya Vienna, foksitroti na kwikistepu. Kundi la pili ni lile la Kilatini: samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jaivu. Jumla madansi 10. Waamuzi wanaangalia kama mnakwenda na mapigo, mmesimama vipi, miguu inatua vipi, na kama mnacheza kama kitu kimoja au kila mtu na lake. Mashindano yake ya siku nyingi na yenye jina kubwa ni yale ya Blackpool, Uingereza, yaliyoanza mwaka 1920.

Usije ukaambiwa haya ni mambo ya Wazungu tu, hayatuhusu. Neno lenyewe "dansi" tulilipata huko huko. Katika miaka ya 1920 na 1930 vijana waliosoma wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam walianzisha klabu za dansi. Walivaa suti na magauni, wakacheza walsi na foksitroti, na baadaye rumba za Kuba zilizokuja kwenye sahani za santuri. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Baadaye likaja dansi letu wenyewe la magitaa: NUTA Jazz mwaka 1964, Mlimani Park mwaka 1978, na wengineo. Waulize wazee wako. Babu anayekaa kimya barazani huenda alikuwa mkali wa walsi pale Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja.

Ila angalia usichanganye. Rumba ya mashindano na rumba ya Kongo ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Ukijua kucheza Msondo vizuri una masikio na una kiuno, na hiyo ni mali. Bado utahitaji kujifunza hatua zenye kanuni, na kanuni zinahitaji mwalimu.

NI KAZI YA MWILI, SI KUJIRUSHA TU

Watu wanaona magauni yanang'aa, wanadhani ni starehe. Thubutu! Dansi moja la mashindano huchukua kama dakika moja na nusu hadi mbili. Lakini hamchezi moja. Mnaweza kucheza madansi matano mfululizo, mkapumzika kidogo, kisha mkarudia kwenye raundi inayofuata. Moyo unakwenda mbio kama wa mkimbiaji wa mita 800. Na juu ya yote unatakiwa utabasamu.

Kwa hiyo mwili wako ndio kifaa chako. Unahitaji vitu vinne.

Usingizi. Mwenye miaka 14 hadi 17 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Mwenye miaka 18 na kuendelea, zisipungue 7. Usingizi ndio unaotengeneza misuli iliyochoka, na ndio unaofanya hatua ulizojifunza jioni zikae kichwani. Asiyelala anasahau hatua, anakosa mizani, anaumia.

Chakula. Si lazima kiwe cha gharama. Ugali au wali, maharage, dagaa, mchicha au tembele, na chungwa au ndimu juu yake. Dagaa, maharage na mboga za majani zina madini ya chuma, yanayojenga damu. Ndimu husaidia mwili uyachukue. Chai ya majani ukiinywa papo hapo na chakula huyazuia, kwa hiyo ingoje kidogo. Akina dada, kama unafanya mazoezi makali huku unajinyima ili uwe mwembamba, na siku zako zikakatika kwa miezi 3 wakati huna mimba, hiyo ni kengele ya hatari. Nenda kituo cha afya.

Maji. Joto la Dar unalijua mwenyewe. Beba chupa yako kutoka nyumbani.

Miguu mizima. Sakafu ya saruji ni ngumu kwa magoti. Sakafu ya mbao ni rafiki zaidi. Viatu vya kuazima vinaleta malengelenge. Ukiteguka kifundo cha mguu, acha kucheza hapo hapo. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana sana, inua mguu juu ya mto. Usichue kwa nguvu wala kukanda kwa maji ya moto siku 2 za kwanza, uvimbe utazidi. Kama huwezi kupiga hatua 4 kwa mguu huo, nenda hospitali ukapigwe picha.

Sasa jiulize: vitu hivi vinne utavipata wapi kwa urahisi, nyumbani au huko unakotaka kuhamia? Hapo ndipo suala la makazi linapokuwa suala la afya.

KITU GANI HASA KINAKUVUTA?

Ukisikia hamu ya kuhama, kaa chini ujiulize ni kitu gani kinakuvuta. Kwenye dansi la jozi ni vitatu tu: mwalimu, mwenza na sakafu.

Wengi wanadhani kubwa ni sakafu, yaani ukumbi. Si kweli. Sakafu inapatikana. Darasa la shule jioni likisogezwa madawati, ukumbi wa kanisa siku za katikati ya wiki, hata baraza pana ya jirani. Omba kwa adabu, fagia kabla na baada, utapewa.

Kubwa kuliko sakafu ni mwenza. Dansi hili huwezi kucheza peke yako. Mwenza anayekaa Tungi au Mjimwema, mnayeonana mara 4 kwa wiki, atakufikisha mbali kuliko bingwa wa Msasani mnayeonana mara moja kwa mwezi. Kabla ya kutafuta chumba ng'ambo, tafuta mwenza upande wako. Urefu wenu uwe unaendana, nia iwe moja, na muelewane tangu mwanzo kwamba mwenza wa dansi ni mwenza wa dansi. Kushikana mkono na kiuno kwenye walsi si uchumba. Wasiojua watasema maneno, waacheni waseme.

Mwalimu ndiye anayestahili nauli. Kwa mwalimu mzuri mtu anavuka maji. Lakini kwa mwalimu huhitaji kwenda kila siku. Mwanafunzi anayeanza akipata masomo 2 kwa wiki na akayarudia nyumbani siku 3, anakwenda vizuri kuliko anayehudhuria siku 5 akiwa anasinzia. Sehemu kubwa ya walsi ni kutembea: kisigino, kidole, kuinuka, kushuka, moja-mbili-tatu. Hayo unayafanya uani kwenu, mbele ya dirisha la kioo. Pumzi unaitafuta kwa kukimbia mchangani Mjimwema asubuhi, bure.

Vipi kuhusu kwenda mbali zaidi? Wapo waliofanya hivyo. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Pale wanafundisha ngoma, muziki na maigizo. Si chuo cha walsi, lakini mcheza dansi anayetaka kuijenga sanaa yake kwa cheti akakitazame.

Afrika Kusini kuna dada wawili, Motsi na Oti Mabuse. Wote walikua wakicheza dansi la Kilatini nyumbani kwao, na wote baadaye walihamia Ujerumani kwa ajili ya dansi. Oti alimaliza kwanza kusomea uhandisi wa ujenzi. Baadaye alikuja kushinda shindano kubwa la dansi la televisheni ya Uingereza miaka miwili mfululizo, 2019 na 2020. Tazama mpangilio wake. Alijenga dansi akiwa nyumbani, akamaliza masomo, halafu ndipo akahama. Alipohama tayari alikuwa na ujuzi na elimu mkononi. Hakuwa mtu wa kuokotwa kituoni.

PIGA HESABU YA WIKI MOJA

Kabla hujaamua lolote, chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila siku: umetoka saa ngapi, umefika saa ngapi, umetumia nauli kiasi gani, umekula nini, umelala saa ngapi.

Tuseme unatumia dakika 90 kwenda na dakika 90 kurudi. Hizo ni saa 3. Ukienda siku 5 kwa wiki ni saa 15 barabarani na majini. Ukienda siku 2 ni saa 6. Umeokoa saa 9, ambazo ni usingizi wa usiku mzima na chenji inabaki.

Wa Kigamboni ana njia mbili za kuvuka. Ya kwanza ni pantoni hapo Magogoni. Ukishuka upande wa mjini, kituo cha mwendokasi cha Kivukoni kipo jirani, na tangu 2016 mabasi yake yanakwenda mpaka Kimara na Morocco. Ya pili ni daraja la Kurasini lililofunguliwa Aprili 2016, lenye urefu wa mita 680. Kwa anayekaa Vijibweni au Kibada na anayefanya mazoezi Temeke au Chang'ombe, daraja ndilo njia fupi. Kwa hiyo usikimbilie Kinondoni kwa sababu tu ina jina kwenye muziki. Uliza kwanza kama kuna mwalimu upande wa Temeke, huenda safari yako ikapungua nusu.

Halafu hesabu ya usiku iandike peke yake. Usiku vyombo vinapungua, kusubiri kunarefuka, na bodaboda inakuwa na bei yake. Muombe mwalimu kipindi cha saa tisa mchana au Jumamosi asubuhi. Kuomba si aibu. Walimu wengi wangependa mwanafunzi aliye macho.

NJIA NNE ZA KUKAA

1. Kubaki nyumbani Kigamboni. Faida: hulipi kodi, unakula, ukiumwa kuna mtu wa kukupeleka Vijibweni hospitali. Hasara: safari, kazi za nyumbani, na maneno ya "umetoka wapi saa hizi?" Kwa anayeanza, hii ndiyo njia bora kwa mwaka wa kwanza. Mwaka mmoja unatosha kujua kama unalipenda dansi kweli au ulivutiwa na nguo.

2. Kulala kwa ndugu siku za mazoezi. Una mama mdogo Magomeni? Una kaka Mwananyamala mwenye mke na watoto? Siku 2 kwa wiki unalala kwao. Hii inafaa sana, ila usiende mikono mitupu. Peleka hata nazi mbili au samaki wa Feri, osha vyombo, sema utarudi saa ngapi na urudi saa hiyo hiyo. Na kama kwa ndugu huyo kuna mtu anayekusumbua usiku, usifiche kwa kuogopa kuvunja undugu. Ondoka, mwambie mtu mzima unayemwamini.

3. Kupanga chumba na wenzako. Hapa uwe na kipato chako, hata kidogo. Wenye nyumba wengi wa Dar wanataka kodi ya miezi kadhaa mbele, mara nyingi 6, na dalali anataka ya kwake ya mwezi mmoja. Fungu hilo mkilichanga watatu linawezekana. Mkubaliane kwa maandishi: nani analipa nini, wageni mwisho saa ngapi, mmoja akitoka inakuwaje. Tazama mlango na komeo, choo kiko ndani au nje ya uzio, njia ina taa, maji yanatoka wapi. Nendeni mjitambulishe serikali ya mtaa. Geto lisilo na utaratibu linageuka kijiwe: muziki mpaka alfajiri, pombe, watu usiowajua. Hapo hata ukiwa mita 100 kutoka ukumbini, mazoezini hufiki.

4. Chumba cha bure. Hiki ndicho alichoahidiwa binti yetu wa pale Feri. Tukiongelee peke yake.

CHUMBA CHA BURE NI CHA NANI?

Bwana akikwambia chumba ni bure, muulize moyoni: kodi nani analipa? Na anayelipa anapata nini?

Ukiishi kwenye chumba ambacho mtu mwingine analipa na mtu mwingine ana ufunguo wa akiba, siku atakayogonga saa saba usiku utamwambia nini? Ukikataa, unalala nje, mazoezi yamekwisha, na nyumbani uliondoka kwa ugomvi. Wengi waliokubali hawakukubali kwa sababu walitaka. Walikubali kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Na mtu asiye na pa kwenda hana nguvu ya kusema "vaa kondomu". Hapo ndipo mimba, magonjwa ya zinaa na virusi vya Ukimwi vinapoingilia. Hili si la wasichana peke yao. Wavulana nao hutongozwa na kulazimishwa na wenye pesa, wa kiume na wa kike, na aibu huwafanya wakae kimya.

Hatusemi kila mwalimu au promota ni mbaya. Wapo wengi waungwana. Ila muungwana utamjua: anakuja nyumbani kujitambulisha kwa wazazi, mazoezi yake ni ya mlango wazi, malipo yake yana risiti, na hakuambii "usimwambie mtu".

Kaa chonjo ukisikia haya:
- "Hili libaki kati yetu."
- "Bila mimi huendi popote."
- "Vua nikupime kwa ajili ya gauni." Vipimo vya nguo vinachukuliwa mtu akiwa amevaa, na mwenzako awepo.
- "Kunywa kidogo ulegee." Pombe inaharibu mizani na kukausha mwili, na haijamfundisha mtu hatua hata moja.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema mtu mwenye mamlaka akidai ngono ili akupe nafasi au upendeleo, ametenda kosa. Taarifa unaipeleka TAKUKURU, namba 113, bure. Kama umri wako ni chini ya miaka 18, au unamjua mtoto aliye hatarini, piga 116, nayo ni bure. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Na likitokea la kutokea, umelazimishwa au kondomu imepasuka, usijifungie ndani ukilia. Kimbilia kituo cha afya siku hiyo hiyo: Vijibweni, Temeke, Mwananyamala, popote palipo karibu. Zipo dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visikae mwilini, zinaitwa PEP. Lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Unazimeza siku 28 bila kuruka. Vipo pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ndani ya siku 5, navyo ukiwahi ndiyo vinafanya kazi vizuri. Kama umebakwa, usioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, kwa sababu ule ni ushahidi. Kosa si lako.

Kupima virusi vya Ukimwi ni haki yako. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana kuanzia miaka 15 anaweza kupima bila kuletewa ruhusa na mzazi.

KUONGEA NA WAZAZI

"Mama atanielewa wapi?" Jaribu kwanza. Usimwendee umekasirika wala saa ya kupika. Mwendee na lile daftari lako la wiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekaa hivyo, kuna nini?"

"Nataka tuongee kuhusu dansi."

"Hayo madansi yenu ya usiku mimi siyataki. Watu watasema nini?"

"Nakuelewa mama. Ndiyo maana nimeandika hapa. Naomba niende siku mbili tu. Jumatano nilale kwa mama mdogo Magomeni, nimeshaongea naye, atakupigia. Jumamosi ni asubuhi, saa nane mchana niko nyumbani. Na mwalimu atakuja Jumapili akusalimie."

"Na duka la shangazi yako?"

"Jumatano nafungua mimi asubuhi, mchana anashika mdogo wangu. Tumekubaliana."

Mama anaweza asikubali siku hiyo. Lakini ameona mtu mwenye mpango, si mtoroshaji. Mpe wiki moja, rudi tena. Ukipata shindano dogo la mtaani au la shuleni, mwalike. Mzazi akimuona mwanawe amevaa vizuri, amesimama wima, watu wanapiga makofi, hata yeye shingo inanyooka.

JIPIME

Jibu ndiyo au hapana kabla ya kuhama:

1. Nimecheza mwaka mmoja au zaidi bila kukata tamaa?
2. Nina mwenza na mwalimu huko ninakokwenda, au naenda kubahatisha?
3. Kodi ya miezi 3 ijayo ninaijua inatoka wapi, na si kwa mtu anayenitaka?
4. Ufunguo ni wangu na wa ninaoishi nao tu?
5. Nitalala saa 7 au zaidi?
6. Kuna mtu wa kwetu anayejua ninakoishi na namba ya jirani?
7. Nauli ya kurudi nyumbani usiku wowote ninayo, nimeificha?
8. Masomo au kazi yangu itaendelea?

Ndiyo zote 8, safari njema. Ndiyo 5 hadi 7, subiri kidogo, rekebisha palipopungua. Chini ya 5, mwanangu, bado pantoni ni rafiki yako. Na kama namba 3 au 4 ni hapana, hata zingine zote zikiwa ndiyo, usihame.

TURUDI PALE FERI

Binti yetu bado yuko kituoni na simu iko sikioni. Anaweza kujibu hivi: "Asante kaka, ila nakaa kwetu. Mazoezi tutaonana Jumamosi, nitakuja na mdogo wangu."

Pantoni inafika, anapanda. Usiku huu atalala saa sita na nusu, ni kweli, na kesho dukani atasinzia. Lakini kesho hiyo hiyo ataanza kuandika daftari lake, atampigia mama mdogo, atamuuliza yule kijana wa Tungi anayecheza rumba vizuri kama yuko tayari kujifunza walsi. Labda baada ya miaka 2 atahama kweli, Kinondoni au ng'ambo ya bahari kabisa. Akihama atakuwa na mguu mzima, na ufunguo utakuwa mfukoni mwake.

Na wewe je? Daftari unalo? Anza leo usiku. Andika: nimelala saa ngapi.